Mtaro wa Kunde Pori

Mwaka wa kwanza walipoyazungushia maua waya, Sururu alicheka. Mwaka wa pili alinyamaza. Mwaka wa tatu alimkuta dada yake amepandisha cherehani juu ya meza, meza juu ya matofali, na yeye mwenyewe amekaa huko juu anashona kama dereva wa greda. Hapo hakucheka wala hakunyamaza. Alitukana.

"Tukana taratibu," dada yake alisema bila kuinua macho kwenye kitambaa. "Kuna mteja chumba cha pili anajaribu gauni."

"Umepandaje huko na goti lako?"

"Kwa kiti. Na kushuka nitashuka kwa kiti. Mvua ikianza sishuki tena, nitakaa humu humu kama kuku wa mayai mpaka kamati yenu imalize kikao."

Sururu alivuta kiti akakaa. Jina hilo hakupewa na mama yake. Alipewa kazini, kwenye kitengo cha mitaro cha halmashauri, na lilimganda kwa sababu alikuwa mtu wa kwenda moja kwa moja kwenye udongo mgumu. Alikuwa amefanya kazi hiyo miaka ishirini na miwili. Haikuwa kazi ya kuandikia vitabu. Kiangazi kinapokaribia kuisha, yeye na wenzake watatu wanashuka mtaroni na majembe na masepeto, wanakwangua udongo na majani yaliyojaa, wanautupa udongo juu ya ukingo, wanasogea mbele. Mvua inakuta njia yake iko wazi. Basi.

Mitaro mingi ya mji ilikuwa imekwisha kujengewa zege. Uliobaki wa udongo ni mmoja, ule unaoteremka kutoka kwenye bohari mpaka kwenye kalvati la chini ya barabara, nao unapita nyuma ya nyumba ya dada yake, mkubwa wa ndugu wote, anayekaa peke yake na cherehani yake. Na humo humo, katika mitaro yote ya dunia, ndimo lilimoonekana ua.

Aliyeliona alikuwa mwanamke mmoja mwenye kofia pana, mtaalamu wa mimea. Alipiga magoti ukingoni akalipiga picha ua moja kwa muda ambao Sururu angekuwa amechimba hatua kumi. Ua lenyewe ni dogo, la rangi ya samawati, limekaa juu ya kikonyo chake kwa ngazi ngazi, majani yake yametanuka kama vidole vya kiganja, na maganda yake yana manyoya. Ni jamii ya mikunde, ndugu wa maharage na choroko. Linaota mvua zikianza, linachanua, linatoa mbegu, linakufa. Mwaka mmoja, maisha yamekwisha. Kiangazi hubaki mbegu tu ardhini. Mtaalamu alisema ni ua la nchi hii hii, halikuletwa na mtu, na zamani lilikuwa kila mahali, lakini sasa limebaki sehemu tatu, na mtaro huu ni mojawapo.

Sururu alikuwa analiona tangu siku yake ya kwanza kazini. Wao walikuwa wanaliita kunde pori, na walikuwa wanalikanyaga.

Ikaandikwa barua. Hatua themanini za mtaro zikazungushiwa waya pande zote mbili, kikawekwa kibao: USICHIMBE. USIFYEKE. USIPITE. Hatua themanini hizo zilianzia pembeni ya choo cha dada yake zikaishia kwenye kalvati. Udongo ukaanza kujaa mtaroni, majani yakaota juu ya udongo, na maji, ambayo hayajui kusoma kibao, yakatafuta njia nyingine. Mwaka wa kwanza yalifika barazani. Mwaka wa pili yaliingia ndani mpaka kwenye vifundo vya miguu, yakalala siku mbili, na kitambaa cheupe cha bibi harusi kikatoka kwenye kabati kina mstari wa tope pindoni.

"Umeongea na bosi wako?" dada yake aliuliza.

"Nimeongea."

"Akasemaje?"

"Kasema kuna kamati."

"Kamati ya nini?"

"Ya kuangalia."

"Waje waangalie hapa. Nitawapangia viti juu ya matofali." Akasimamisha cherehani. Sasa alimtazama. "Hebu niambie, mdogo wangu. Mimi nilikubeba mgongoni wewe. Leo kazi yako ni mitaro. Mji mzima mitaro yake inapita, ila wa dada yako. Watu wakiniuliza ndugu yako anafanya kazi gani, niwaambieje? Nimwambie mtu ni mkulima wa maua?"

"Dada, nikigusa pale nafukuzwa kazi."

"Sijakwambia uguse. Wewe kaa na kazi yako. Kesho kutwa nikiona wingu limekaa vibaya, nachukua jembe naenda kuchimba mwenyewe. Waje wanikamate. Nina miaka sitini na tatu, goti bovu. Nataka nimwone huyo hakimu."

Sururu alimjua dada yake. Angechimba. Angeteleza, angevunjika hilo goti, na wangemkamata akiwa amelala mtaroni anawatukana. Alitoka nje akaangalia juu. Mawingu yalikuwa yamerundikana upande wa milimani kama nguo chafu. Siku nne, labda tano.

Asubuhi yake alikwenda kwenye waya na mwenzake wa siku nyingi, Kipara, kukagua kalvati walau kwa nje. Walimkuta mtaalamu amefika, kofia kichwani, daftari mkononi, uso umekunjamana.

"Afadhali mmekuja," alisema. Hata salamu hakutoa. "Nani anaingia humu ndani?"

"Hakuna anayeingia," Sururu alijibu.

"Kuna mtu anaingia."

"Mama, hata mbuzi wa mtaa huu wanasoma kibao."

Kipara alicheka. Mtaalamu hakucheka. Alifungua daftari akasoma kama hakimu anayesoma mashtaka. "Mwaka tulioweka uzio, mimea mia moja arobaini na mbili. Mwaka uliofuata, thelathini na saba. Msimu uliopita, tisa. Tisa! Nimeweka waya, nimeweka kibao, nimekuja kila wiki. Mnapulizia dawa ya kuua majani?"

Sururu alimnyooshea Kipara kidole. "Dawa? Sisi? Sisi glavu tumeziomba tangu huyu Kipara ana nywele!"

"Basi nieleze wewe. Yameenda wapi?"

"Mimi nikueleze? Wewe ndiye umesoma."

"Ndiyo, nimesoma. Miaka saba nimesomea mimea."

"Na mimi miaka ishirini na miwili nimeichimba!" Sururu alipiga mti wa uzio kwa kiganja, waya ukalia wote mpaka kwenye kalvati. "Angalia hapo ndani. Unaona nini? Majani mpaka kiunoni. Lile ua lako lilikuwa haliotei kwenye majani. Hata siku moja. Lilikuwa linaotea palepale tulipotupa udongo. Tukitupa kulia, linaota kulia. Tukitupa kushoto, kushoto. Mwaka ule Kipara aliumwa mgongo, akawa hawezi kurusha juu, anauacha hapa chini chini. Likaota wapi?"

"Chini chini," Kipara alisema. "Mgongo wangu ni shahidi."

"Mlikuwa mnalikata," mtaalamu alisema. "Mnashuka na majembe mnalikata lote, kwa bahati tu machache yalikuwa yanapona."

"Tunachimba kiangazi! Kiangazi si limekwisha kufa? Wewe mwenyewe ulisema. Utaua maiti?"

Mtaalamu akapita chini ya waya, akapiga magoti kwenye majani akaanza kuvuta. Majani hayakung'oka. Mizizi yake ilikuwa imefungana kama mkeka. Alichomoa kisu kidogo mfukoni akakata kipande cha mkeka huo, akafukua kwa vidole chini yake, akapepeta udongo kiganjani. Sururu na Kipara walisimama nje ya waya kama watu wanaomtazama jirani akitafuta funguo zake.

Alikaa hivyo kitambo kirefu. Alipoinuka alikuja na kiganja wazi. Kulikuwa na mbegu nne, za kijivu zenye madoadoa, zinang'aa.

"Nzima," alisema. Sauti ilikuwa imeshuka. "Ziko humu. Hazijafa. Hazijaota tu."

"Kwa nini hazioti?" Kipara aliuliza.

"Ganda lake gumu kama kifungo cha koti, maji hayaingii. Kule maabara haziwezi kuota mpaka nizikwaruze na msasa. Moja moja. Nakaa siku nzima nakwaruza mbegu." Aliangalia sepeto la Kipara, bapa lake lililolika na kung'aa kwa sababu ya changarawe. Akaangalia chini ya mtaro, kwenye changarawe yenyewe. Kisha akakaa juu ya toroli lao, kofia akaivua.

"Miaka mitatu," alisema. "Miaka mitatu nimekuwa nalinda nyasi."

Siku nyingine Sururu angekaa naye hapo aufaidi ushindi wake vizuri, aurudie mara mbili tatu, amwite na mpita njia asikie. Lakini wingu lilikuwa limesogea. "Haya," alisema. "Yamekwisha. Fungua waya tuchimbe."

"Siwezi."

"Huwezi nini?"

"Kuna barua. Hairuhusiwi kuchimba."

"Barua ya nani?"

Mtaalamu alikung'uta udongo magotini. "Yangu. Niliiandika mimi."

Sururu alimgeukia Kipara, Kipara akaangalia pembeni. "Basi iandike nyingine!"

"Ilishapitishwa. Kuitengua lazima kamati."

Bosi wa kitengo alikuwa na ofisi yenye meza mbili, moja ya kufanyia kazi na moja ya mafaili yaliyoshinda kazi. Aliwasikiliza wote wawili, Sururu akimkatiza mtaalamu na mtaalamu akimkatiza Sururu, mpaka chai yake ikapoa. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyewahi kukaripiwa na wakubwa mara moja kwa sababu ya mtaro huo huo, na hakutaka mara ya pili.

"Nimeelewa," alisema. "Hoja ni nzuri sana. Kamati inakaa baada ya wiki sita."

"Mvua ni siku nne," Sururu alisema.

"Nasikitika."

"Usisikitike, saini."

"Mzee mwenzangu, siwezi kusaini. Miaka mitatu iliyopita mtaalamu alisema ukichimba unaua ua. Nikakubali. Leo mtaalamu huyo huyo anasema usipochimba unaua ua. Kesho je? Nikiruhusu, likipotea, nani atajibu?"

"Mimi," mtaalamu alisema.

"Utajibu wapi? Wewe si wa idara yangu. Wataniuliza mimi."

"Na maji yakiingia kwa dada yangu nani atajibu?"

"Hilo ni suala la mafuriko. Lina idara yake."

Sururu alisimama. Alikuwa karibu kusema neno ambalo likishatoka halirudi, neno la kumaliza miaka ishirini na miwili kwa pumzi moja. Mtaalamu alimshika mkono wa shati akamrudisha kitini, kama anayemrudisha mtoto.

"Naomba kuiona barua yangu," alimwambia bosi.

Ikatafutwa. Ilichukua muda mrefu, na mafaili mawili yalianguka. Mtaalamu aliisoma kwa kidole, mstari kwa mstari, midomo ikicheza. Akafika ukurasa wa pili akasimama.

"Hapa," alisema. "Mtaalamu anaruhusiwa wakati wowote kuchukua sampuli za udongo ndani ya uzio, akiwa na wasaidizi wake."

"Ndiyo," bosi alisema. "Si umekuwa unachukua? Vile vikopo."

"Haisemi vikopo. Haisemi kiasi gani."

Feni ilizunguka. Bosi aliitazama barua, akamtazama mtaalamu, akamtazama Sururu, akayatazama mabuti ya Sururu.

"Wasaidizi wangapi?" aliuliza polepole.

"Wanne. Wana masepeto yao."

Bosi akanyanyua simu ambayo haikuwa imelia, akaiweka sikioni. "Haloo," aliiambia. Kwa mkono mwingine aliwaonyesha mlango.

Walianza siku ya pili yake alfajiri. Sururu alidhani sasa kazi ni kazi, watachimba kama walivyozoea. Alikosea. Mtaalamu alitaka kila baada ya hatua mbili wasimame, ajaze udongo kwenye mfuko wa karatasi, auandike namba, ndipo waendelee. "Lazima ziwepo sampuli za kweli," alisema. "Wakiuliza, nitawaonyesha."

"Mama, mfuko mmoja hautoshi? Udongo ni ule ule!"

"Si ule ule."

"Mimi nakwambia ni ule ule."

"Sururu, chimba."

Mkeka wa mizizi ulikuwa mgumu kuliko alivyokumbuka mtaro wowote. Miaka mitatu ya majani walikuwa wanaikata kama ngozi. Siku ya kwanza walimaliza hatua ishirini na nane tu. Ya pili, ishirini na tano. Dada yake alikuwa anatoka kila saa na kikombe cha maji kwa mtaalamu, na matusi kwa ndugu yake.

"Hizi ndizo sampuli?" aliuliza akiangalia rundo la udongo lililozidi urefu wa dirisha lake. "Sampuli za toroli? Na mbona mnatupa upande wangu?"

"Tunatupa pande zote, dada."

"Naona wa kwangu ndio umenona."

Siku ya tatu, saa nane mchana, zilikuwa zimebaki hatua saba kufika kwenye kalvati. Hapo ndipo mvua ilipokuja, siku moja kabla ya hesabu za Sururu, bila kumwomba mtu ruhusa. Haikuanza na matone. Ilimwagwa.

Hatua saba zilizobaki zilikuwa zimesimama mtaroni kama ukuta. Mtaro wote wa juu, wazi na msafi, ulileta maji kwa kasi ambayo haujawahi kuileta kwa miaka mitatu, yakagonga ukuta huo, yakaanza kupanda. Sururu aliona alichokifanya. Wangeuacha mtaro umejaa, maji yangetambaa taratibu. Sasa walikuwa wameyachimbia barabara ya kuja moja kwa moja kwa dada yake.

"Acha mifuko!" alipiga kelele. "Achana na mifuko, mama!"

Mtaalamu alitupa mifuko. Alishuka mtaroni na jembe la mmoja wa vijana wa kazi, maji magotini, akawa analishika vibaya, anapiga na kukosa, lakini anapiga. Kipara alishika sururu yenyewe. Sururu alichimba bila kuangalia kitu kingine ila inchi ile iliyokuwa mbele yake. Alisikia maji yakivuka ukingo nyuma yake, ile sauti laini ya maji yanayopata njia rahisi. Alijua bila kugeuka kwamba yamefika barazani.

"Sururu!" Dada yake alikuwa amesimama mlangoni na fagio. "Yameingia!"

"Yafagie!"

"Nayafagiaje na bado yanakuja?"

Zilibaki hatua nne, kisha tatu. Kipara alipiga chini badala ya juu, akatoboa tundu la kupitisha mkono. Tundu likavuta maji, maji yakavuta udongo, udongo ukaanguka wote kwa mara moja na kumbeba mtaalamu hatua mbili kabla Sururu hajamkamata mkono. Kalvati lilikohoa, likameza. Mtaro ukashuka kama beseni lililotobolewa.

Walipanda juu, wamejaa tope mpaka kwenye nyusi. Ndani, maji yalikuwa yamefika kwenye mguu wa kwanza wa meza, upana wa kidole, yakaishia hapo. Dada yake aliyasukuma nje kwa mapigo sita ya fagio, akakagua sakafu yake, akaangalia kabati la vitambaa. Kavu.

"Mmechelewa," alisema. Akaenda kuwapasha chai.

Baada ya wiki tisa ukingo wote ulikuwa wa samawati. Mtaalamu alihesabu siku mbili akiwa amepiga magoti, akafika mia mbili na sita, akarudia kuhesabu kwa sababu hakuamini, akapata mia mbili na kumi na moja. Sururu alifurahi kidogo, kwa dakika kama tano hivi. Kisha mtaalamu akafungua mkoba akamtolea karatasi sita zilizobanwa pamoja.

"Kamati imepitisha," alisema. "Mwongozo wa uchimbaji."

Sururu aliusoma pale pale, amesimama. Mtaro uchimbwe mara moja kwa mwaka. Uchimbwe mwisho wa kiangazi, kabla ya mvua. Zitumike zana za mkono. Udongo utupwe juu ya ukingo.

"Hii ni kazi yangu," alisema.

"Ndiyo."

"Hii ndiyo niliyokuwa nafanya. Kabla hujaja."

"Najua. Sasa imeandikwa." Alimwonyesha ukurasa wa mwisho, akampa kalamu. "Saini hapa, kwamba umepata mafunzo."

"Mafunzo kutoka kwa nani?"

Mtaalamu aliona haya, akaangalia kofia yake. "Fomu inasema kutoka kwangu."

Sururu alitia saini kwa nguvu mpaka kalamu ikatoboa karatasi. Alikuwa bado hajarudisha kalamu aliposikia dada yake anaita kutoka upande wa kamba ya kuanikia nguo, kule ambako Kipara alikuwa ametupa sehemu kubwa ya udongo.

"Sururu! Hebu njoo! Huyu mtaalamu wako kaniwekea vijiti viwili na utepe katikati ya njia yangu! Mimi nguo nitaanikia wapi?"

Sururu alimgeukia mtaalamu.

"Ni mimea mitatu tu," mtaalamu alisema. "Mpaka itoe mbegu."